Naaswi Aliyeukimbia Mlima

Lavern aliingia kwa mama yake bila hodi, matope hadi magotini.

"Vua viatu," mama akamwambia bila kuinua macho kwenye kikapu alichokuwa akisuka kwa gome la mwerezi. "Au chuo hakikukufundisha?"

"Kilinifundisha kuchimba. Mama, kesho baraza linaamua. Mhandisi aliyekuja kuukagua mlima anataka nyumba sita za chini ya mlima zibomolewe, na yako ndiyo ya kwanza."

"Ataibomoa nikiwa humu ndani, nakunywa chai."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Kijiji kizima kilikuwa kimemwambia kwamba mlima uliporomoka ukaifunika nyumba kuu ya ukoo, na msichana mmoja tu, Naaswi, akatoka mbio akapona. Picha ya Naaswi, bibi yake mama, ilining'inia ukutani: mwanamke mnene kando ya jiko la chuma. Aliyepigwa picha si wa zamani sana, na mlima ulioanguka juzijuzi unaweza kuanguka tena. Hata Lavern alikubali hivyo, ingawa hakutaka hata kufikiria tingatinga kwenye kibaraza cha mama yake.

Ila leo, katika shimo ambamo yeye na wenzake wa chuo walikuwa wakichimbua mabaki ya kale, mambo yalikataa kukaa sawa.

"Tumefika sakafu ya ile nyumba kuu," akasema. "Ndoana za mfupa, visu vya gamba la kome, mbao nzima kabisa. Chuma hakuna. Shanga za meli za wazungu hakuna, hata moja. Bibi yako kazaliwa akakuta sufuria za chuma nyumbani. Sasa nyumba ile aliishi vipi?"

Mama akaweka kikapu chini. "Nani kasema aliishi?"

"Nyinyi! Kila karamu: Naaswi aliukimbia mlima!"

"Naaswi, ndiyo. Bibi alipewa jina hilo karamuni, mtu mzima ana wajukuu. Kabla yake alikuwa nalo shangazi yake, na kabla ya huyo, wengine. Na sasa analo nani?"

Alikuwa nalo Lavern mwenyewe. Mwaka juzi alisimama mbele ya ukoo mzima, blanketi mabegani, akasema kama kila anayepewa jina hilo anavyotakiwa: "Mimi niliukimbia mlima." Akapigiwa ngoma.

"Kwa nini hukumwambia mhandisi?"

"Aliniuliza Naaswi ni nani, nikamwonyesha picha. Angeuliza ni wangapi, ningemwambia."

"Na mimi nimeishi na jina hilo nikaishia kuamini picha. Mjinga kweli."

"Hapo sibishani nawe."

Wakaenda nyuma ya nyumba kutafuta umri wa maporomoko, mvua ikinyunya. Mierezi ya mama ilikuwa imeota juu ya udongo ule ule ulioporomoka. Mmoja ulikuwa na kovu refu, mahali gome lilipobanduliwa zamani na mtu ambaye hata bibi hakumjua. Mama akaugusa mti, akaushukuru, kisha akampisha mwanawe. Lavern akaitoboa shina karibu na kovu, akizungusha keekee taratibu, akatoa kijiti chembamba cha mbao chenye mistari, mmoja kwa kila mwaka wa mti.

Kesho yake mhandisi aliihesabu mistari hiyo mwenyewe mbele ya baraza, akarudia. Kovu lilikuwa na miaka zaidi ya mia mbili, na mti mchanga haubanduliwi gome; basi hata wakati ule ulikuwa mkubwa tayari.

"Maporomoko yana miaka mia tatu, pengine zaidi," akasema. "Tangu hapo mlima umetulia. Lakini siwaahidi kitu. Nyumba zibaki, mradi miti ya mteremkoni isikatwe, na mfereji uchimbwe kutoa maji. Utapita hapa." Akaweka kidole kwenye ramani.

"Hapo pana vichaka vyangu vya beri!" mama akaruka.

"Mama," Lavern akasema, "beri au nyumba?"

Mama akamkata jicho. Jumamosi, kabla chai haijachemka, tayari alikuwa bustanini, koleo mbili mkononi. Moja akamrushia mwanawe.

"Haya, Naaswi. Mlima uliukimbia, vichaka havikushindi. Hamisha."