Kuupa Mlima Kisogo

Siku hizi ukishuka Same siku ya soko unakuta mablanketi yamerundikwa chini mpaka unayaruka. Watu wanachagua rangi! Mimi nikiona hivyo hucheka peke yangu, kwa sababu nusura nizeekee nyumbani kwa bibi yangu kwa ajili ya blanketi moja tu.

Miaka ile ya foleni, kabla ya ruksa ya kuingiza bidhaa, madukani hamkuwa na kitu. Sabuni tulikuwa tukiisikia tu. Ndipo Eliufoo, kijana wa ng'ambo ya bonde letu pale Chome, alipoleta posa ya kunioa. Ng'ombe walifika, mbuzi walifika, dengelua, pombe yetu ya miwa, ikanywewa. Kikabaki kitu kimoja, blanketi la bibi. Kwetu, bibi aliyemlea binti lazima afunikwe blanketi jipya kabla binti hajatoka, maana aliyekuwa akimpa joto ndiye anayeondoka. Bibi Dorkas, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alikuwa na baridi ya Chome mifupani na ukaidi wake mwenyewe kichwani.

"Asiponifunika, Eliakunda hatoki," alisema. "Na lisiwe kuukuu wala la kuazima. Nalitaka jipya, na harufu yake ya dukani."

Mchungaji alikwishatangaza ndoa kanisani, na Jumamosi ya harusi ilikuwa inakuja mbio. Nilimpenda yule kijana, nasema wazi, nilimpenda hadi chakula hakipiti. Lakini bibi yangu nilimjua pia.

Kila mtu alijua mablanketi yako wapi: upande wa pili wa Kilimanjaro. Miguuni mwa mlima ule ndipo unapopita mpaka wetu na Kenya, na kule maduka yalikuwa yamejaa. Mpaka ulikuwa umefungwa, lakini vichochoro vya migombani nani angevifunga? Eliufoo akabeba kiroba cha tangawizi kavu ya kule Mamba, milimani kwetu, akapanda basi hadi Moshi, akazungukia Rombo, akavuka na wachuuzi alfajiri katika ukungu mzito, asione hata mkono wake. Huko Loitokitok akabadilisha tangawizi kwa blanketi jekundu lililofungwa ndani ya nailoni. Wachuuzi walikuwa bado wana shughuli zao. Yeye, mwenye harusi, akasema anatangulia.

Sasa nieleze kosa lake, ambalo Mchaga asingelifanya hata akilewa. Sisi wa Chome mlima ule tunauona kwa mbali, kaskazini, asubuhi isiyo na mawingu. Ukienda Moshi unaufuata. Ukirudi nyumbani unaupa kisogo. Hilo mtoto wetu analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Basi ukungu ukafunguka, mlima ukajitokeza mweupe, na mchumba wangu akafurahi kama aliyekutana na mjomba wake ugenini. Akaupa kisogo. Akashika njia ya nyumbani, kumbe anazidi kuingia Kenya.

Aliona, eti, kwamba kilele cha Kibo kimehamia kulia na cha Mawenzi kimekwenda kushoto. "Nilidhani ni njaa," aliniambia baadaye. Akaendelea na njaa yake, anapiga mluzi, hadi mashamba yakaisha na nyika ikaanza. Mama mmoja wa Kimasai akamkuta anaulizia njia ya Same. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampa maziwa, akamshika mabega, akamgeuza.

"Kwenu ni nyuma ya ule mlima," alimwambia. "Ufuate, kisha uuzunguke."

Huku Chome, Jumamosi ilifika bila yeye. Wapishi walikwishachinja. Mchungaji alikaa, akasimama, akakaa tena. Majirani wakaanza kunihurumia kwa sauti, ile huruma yenye utamu ndani yake. Nililia kwa hasira ndani ya gauni la kuazima, nikamwambia bibi kwamba kama Eliufoo amekamatwa mpakani, basi aliyemkamatisha ni yeye. Bibi alikuwa anatazama mlango.

Jua likielekea kuzama, Eliufoo akaingia. Midomo imepasuka, viatu hata sivisemi, na homa inamtetemesha hadi meno yanagongana. Kifuani amekumbatia kile kifurushi cha nailoni, na mkunjo wake wa dukani haujaguswa.

"Shikamoo, bibi," akasema akipiga goti. "Nimechelewa. Blanketi lako hili."

"Marahaba. Ulikuwa unalala wapi?"

"Porini, bibi. Na kwenye migomba ya watu huko Rombo."

"Hakukuwa na baridi?"

"Ilikuwepo."

"Na blanketi ulikuwa nalo."

Eliufoo akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Si ni la kwako, bibi?"

Bibi Dorkas akapasua nailoni kwa meno yake machache. Akalinusa blanketi kwanza, maana mkaidi ni mkaidi. Akajitupia mabegani, desturi itimie na watu waone. Kisha akalivua, akamzungushia Eliufoo kuanzia kichwani, akalibana chini ya kidevu kama tunavyowafunika watoto.

"Eliakunda," akaniita bila kugeuka. "Njoo umchukue mwenzako. Mimi nitaota moto."