Pilipili za Mwalimu Slavjanka

Nimezunguka nchi nyingi, lakini sijawahi kuona mkuu wa shule akichoma pilipili hoho saa za masomo. Nikaingia ua wa sekondari yetu, hapa karibu na mji wa Strumica, nijue kulikoni.

Mara mbili mkuu huyo, Mwalimu Slavjanka, alikuwa ameitisha mkutano. Wazazi thelathini wasipotia sahihi fomu ya kulitetea, darasa la mwisho lingefungwa na watoto wahamie mjini. Hakuja mtu. Septemba kila nyumba inapika ajvar, rojo la pilipili hoho za kuchoma, na pilipili zikiwa jikoni hakuna anayezipa mgongo.

Sasa yeye naye alikuwa amewasha jiko, na zake zilikuwa zinaungua upande mmoja.

"Mwalimu, si uzigeuze?"

"Tulia, mzee Trajko. Waache wanuse kwanza."

Moshi mchungu ukavuka barabara. Akatokea Desanka, jirani wa shule, koleo mkononi.

"Nani huyo anaua pilipili? Mwalimu, mama yako alikufundisha nini?"

"Basi nifundishe wewe, dada. Nakungoja tangu Jumatatu."

Desanka akamsukuma kando, akawaita wazazi wenzake. Wakaja na masufuria yao, kila mmoja akitaka kujionea hilo balaa. Kufika adhuhuri ua ulikuwa umejaa watu wakimenya na kubishana juu ya chumvi, na fomu ikipita mkono kwa mkono.

Nilihesabu sahihi thelathini na mbili, zote zina masizi.

"Kesho utachoma tena?" nikamuuliza mwalimu.

Desanka ndiye aliyejibu. "Asiguse jiko huyo. Tutakuja wenyewe."