Picha za Vipimo

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anajiita Injinia. Kitu pekee alichowahi kuunda ni kelele. Siku hizi anashinda dukani kwangu, miguu juu ya mafurushi ya vitambaa, akinifundisha biashara.

Mimi nashona magauni ya kubana. Mteja asiyeweza kufika hujipiga picha akiwa na nguo za ndani, futi ya kupimia imemzunguka, ili namba nizisome mwenyewe. Kiuno cha kutajwa kwa mdomo huwa chembamba kuliko kiuno chenyewe. Picha hizo hukaa kwenye simu ya kazi na mtu mwingine hazioni. Uaminifu huo ndio unaonilisha, na Injinia alilijua hilo.

"Shemeji, kuna toleo jingine la hii programu ya meseji," aliniambia. "Mtu akifuta ujumbe, wewe bado unausoma. Kuna jamaa kanitumia."

"Walichofuta wenyewe mimi cha nini?"

"Ndiyo maana huendelei."

Nilipogeuka kupiga pasi, akaiweka kwenye simu ya kazi. Simu ilimwonya kwamba programu hiyo haijulikani ilikotoka. Akaicheka. Ikaomba majina, ikaomba picha, ikaomba maikrofoni. Bwana mkubwa akakubali yote bila kusoma, kama mlevi anayeitikia salamu.

Wiki haikuisha, nesi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, akaingia na sare yake ya kazini. Hakuketi. Akanionyesha simu yake: namba ngeni imemtumia picha yake mwenyewe, futi kifuani, na vitisho vya kuisambaza. Picha ile ilikuwa kwake na kwangu tu. Nilijua palepale ilikopitia.

"Naomba kitambaa changu," alisema.

"Nimeshakikata, dada."

"Nipe hivyohivyo."

Nikamfungia vile vipande kwa aibu. Injinia alikuwa akichokonoa meno. Kumdharau nilianza zamani. Siku hiyo nilimchukia.

Nesi hajafika mbali, simu ya kazi ikalia. Injinia akaiwahi, uso ukamng'aa.

"Shemeji, si nilikwambia? Ametuma, akafuta, lakini sisi tunaiona." Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Fundi, hata mume wangu sijawahi kumtumia picha kama ile."

Akanigeuzia kioo cha simu nikione.

"Umeona sasa? Inafanya kazi."