Aliyeweza Kusimama

Watu wa kijiji cha Sarpaq walipomwona Enos Utuaq akirudi kutoka barafuni mchana, walijua kuna jambo. Mtu aliyeondoka asubuhi na wageni wawili kwenda kulala kwenye kibanda cha wawindaji harudi siku ileile kwa heri. Mbwa walikuja wamelegeza mikia. Juu ya sleji waliyoiburuta alilala mgeni mwanamume, amefungwa kwa kamba kama mzigo wa nyama ya sili, akilia kwa lugha yake, na mkewe amempakata kichwa. Enos mwenyewe alitembea kando, mkono mmoja ubavuni kama mtu aliyebanwa na kichomi.

Dada yake mkubwa, Thomasine, alikuwa ameshatoka nje ya kituo cha afya. Sarpaq haijawahi kuwa na daktari. Ina Thomasine, kabati la dawa, kitanda kimoja, na simu ya kumwulizia daktari wa hospitali ya wilaya, ambayo iko ng'ambo ya milima, na huko mtu hafiki ila kwa helikopta.

"Kumetokea nini?"

"Theluji ilikatika mteremkoni," Enos alisema. "Sleji ikatumwaga. Mguu wake ulibaki chini ya sleji, nikaingia kuutoa."

"Na wewe?"

"Mimi ilinipitia kidogo tu. Mshughulikie mgeni kwanza, dada. Masikio yangu yamechoka na kilio chake."

Mgeni aliitwa Joachim, Mjerumani, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizotunzwa. Paja lilikuwa limevunjika. Thomasine alimchoma sindano ya maumivu na kuufunga mguu kwa vibao, na muda wote huo mkewe, Silke, alikuwa amesimama mlangoni na simu ya setilaiti, koti hajavua, akizungumza na kampuni yao ya bima. Chai haijachemka, jibu likaja: ndege ya wagonjwa ilikuwa inaondoka Aislandi, ingetua kwenye uwanja wa changarawe upande wa pili wa ghuba.

Thomasine hakuwahi kuona msaada ukija mbio namna ile. Mama yao alipopooza upande mmoja, walikaa wakisikiliza upepo uliozuia helikopta mpaka ukachoka wenyewe.

Alimgeukia mdogo wake, akamlazimisha kuvua fulana. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa pamevimba na kuanza kuiva rangi. Alipobonyeza, Enos alimaka, kisha akajichekesha.

"Una vidole vya shangazi Marta wewe."

"Maumivu yanaishia wapi?"

"Yanapanda begani. Ajabu, bega halikuguswa."

Thomasine alimpigia daktari wa wilaya, akamweleza hilo la bega.  Daktari akasema kwamba huenda bandama limepasuka, na kwamba kwao ukungu ulikuwa umelala chini kabisa, helikopta hailioni hata banda lake. "Ukungu ukiinuka tu, tunakuja. Lakini usinisubiri mimi. Mtoe kwa chochote kitakachotangulia."

Kilichotangulia kilijulikana ni nini.

Walivuka ghuba kwa sleji mbili. Ya kwanza ilimbeba Joachim kwenye machela, ikiendeshwa na Vittus, binamu yao. Ya pili ilimbeba Silke na mizigo, na Thomasine ndiye aliyeshika mbwa. Alimwambia Enos alale juu ya mifuko. Enos alikataa.

"Nilale kama gunia mbele ya wageni wangu? Watasema nini huko kwao?"

"Waseme wanachotaka. Lala."

"Nitasimama nyuma ya Vittus, nishikilie. Si mbali."

Akasimama. Mwenye sleji hapandi kama mzigo, ndivyo walivyolelewa, na Thomasine, ambaye angeweza kumpigia kelele, hakutaka kumwaibisha. Njia nzima aliutazama mgongo wake, jinsi ulivyokuwa ukiinama kidogo kidogo na kisha kujinyoosha tena.

Ndege iliwakuta uwanjani. Daktari wake, Mwaislandi kijana mwenye macho ya usingizi, alimpokea Joachim na kumwingiza ndani. Thomasine alimfuata mpaka ngazini, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kujifunzia kwa watalii, "Daktari, nina mgonjwa wa pili."

"Yuko wapi?"

Alimwonyesha. Enos alikuwa amesimama kati ya mbwa, akimkemea mmoja aliyekuwa akitafuna kamba. Daktari alishuka, akamshika mkono kupima mapigo, akamtazama usoni.

"Unajisikiaje?"

"Mzima," Enos alisema, kwani ndilo neno la Kiingereza alilokuwa nalo.

"Hayuko mzima," Thomasine alisema. "Daktari wetu anasema bandama."

"Naweza kumweka kwenye kiti cha nyuma," daktari alisema polepole. "Lakini ndege hii imekodiwa na kampuni ya bima kwa mtu mmoja. Nikibeba mwingine bila neno lao, rubani haondoki." Alipiga simu, akaeleza, kisha akampa Thomasine aongee mwenyewe.

Sauti ya mwanamke ilikuwa laini na yenye adabu. "Huyo bwana ana bima kwetu?"

"Hana. Ni mwenyeji. Sisi hapa tunatibiwa bure."

"Vizuri sana. Basi yuko katika mikono salama."

"Mikono hiyo iko ng'ambo ya milima, na kuna ukungu."

"Nakuelewa kabisa, bibi. Kwa kawaida haturuhusu jambo kama hili. Lakini mteja wetu akiridhia kwa kinywa chake, sisi hatutaweka pingamizi."

Thomasine alishukuru moyoni. Aliona jambo limekwisha, maana mteja mwenyewe alikuwa ametolewa chini ya sleji na mikono ya Enos. Alipanda ngazi, akachuchumaa karibu na machela, akamweleza Joachim taratibu, neno kwa neno: aliyekuokoa anavuja damu ndani, helikopta yetu haiwezi kuruka, kiti kipo, wanangoja wewe useme ndiyo.

Silke ndiye aliyejibu kwanza. "Tutachelewa kiasi gani? Na huko Aislandi wakimkataa, si tutazuiliwa wote? Na mifuko itakaa wapi?"

 Dawa ilikuwa imempunguzia Joachim maumivu, akili yake ilikuwa timamu. Aliinua kichwa, akachungulia mlangoni, akamwona Enos pale chini.

"Lakini yule anasimama," alisema. "Mimi siwezi hata kusimama."

Akageuza uso ukutani.

Thomasine alimtazama daktari, akingoja sasa aseme yeye. Daktari alikuwa akitazama saa yake. Baadaye alimpa chupa mbili za maji ya mshipa, akamwambia amtundikie moja mara moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuondoka mahali. Mlango ulipokuwa ukifungwa Thomasine aliona kile kiti cha nyuma. Mifuko ya kubebea mbao za kutelezea kwenye theluji ilikuwa imewekwa pale, imefungwa mkanda isije ikaanguka.

"Wanasemaje?" Enos aliuliza.

"Wanasema helikopta yako imeshaondoka. Iko njiani."

"Si nilikuambia? Waache waende zao." Akauinua mkono kumuaga Joachim, ambaye hakuwa akiangalia.

Maji alimtundikia hapohapo, chupa ikafungwa kwenye mti wa nyuma wa sleji. Walipofika katikati ya ghuba Enos aliomba kukaa. Mbele kidogo aliomba kulala, na safari hii hakujali nani anamwona. Midomo ilikuwa imekuwa ya kijivu. Vittus aliwachapa mbwa ambao hakuwa na desturi ya kuwachapa.

"Dada, mbona siisikii helikopta?"

"Upepo unaichukua sauti."

Hapakuwa na upepo. Ghuba ilikuwa kimya kabisa, unasikia mbwa wakihema. Enos alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kisha akafumba macho, na kama alijua au hakujua, hakusema.

Alifia kwenye kitanda cha kituo, mkewe Karolina ameishika miguu yake akijaribu kuipasha joto. Helikopta ilikuja siku iliyofuata. Anga ilikuwa safi, na daktari wa wilaya alishuka na begi lake, akaona nyuso zao, akaliweka begi chini.

Walimzika kwa mawe, kwa kuwa ardhi haikuchimbika. Watu walikunywa kahawa nyumbani kwa Karolina, wakala keki, wakasimulia vituko vya Enos mpaka wengine wakacheka. Walipoondoka, Thomasine alibaki kuosha vikombe.

"Wifi," Karolina alisema nyuma yake. "Vittus kaniambia. Kule uwanjani ulimwambia helikopta iko njiani."

"Ndiyo."

"Angejua ukweli, angepanda ile ngazi."

"Enos hakuwa mtu wa kuomba."

"Kwa nafsi yake, hapana. Kwa ajili ya wanawe angeomba. Angemwangukia yule mtu miguuni. Na mtu hawezi kumgeuzia ukuta aliyemwangukia." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Thomasine. "Ulimnyima hata hilo."

Thomasine aliendelea kuosha. Maneno hayohayo alikuwa ameshajiambia mwenyewe, tena kwa ukali zaidi.

Haukupita muda kampuni ya bima ikapiga simu kituoni. Safari hii alikuwa mwanamume. Alitaka kujua kuhusu mwenye sleji: alikuwa amekunywa pombe, alikuwa na ujuzi gani, na kwa nini alichagua mteremko ule. Kampuni ilikuwa imeingia gharama kubwa, alisema, ikawa inachunguza ni nani wa kuzibeba.

"Tunaweza kuongea naye?"

"Hayupo."

"Anatarajiwa lini?"

"Amekufa. Alikufa siku ileile mliyomchukua mtu wenu."

Yule bwana akaanza kubofya vitufe, Thomasine akisikia. "Pole sana," alisema. "Kuna mwingine anayeweza kujibu kwa niaba yake?"

Joachim naye alipiga, akiwa hospitali ya kwao. Habari zilikuwa zimemfikia. Alilia. "Sikujua," alisema. "Nakuapia, sikujua kama ni hali ya kufa."

"Ulijua," Thomasine alisema. "Mimi ndiye niliyekuambia, kwa lugha unayoielewa."

"Nilikuwa naogopa."

"Naye pia. Lakini alikuwa ameshaingia chini ya sleji."

Joachim akaendelea kulia. Thomasine aliiweka simu mezani, ikabaki inalia peke yake, yeye akaenda kupanga dawa.

Kwenye mkutano wa waendesha sleji Vittus ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: hakuna mgeni atakayebebwa Sarpaq mpaka bima yake imhusu pia anayemwendesha. Wote waliinua mikono. Wakala wa watalii aliyekuja kuwasikiliza alicheka kidogo, si kwa ubaya, akasema bima ya namna hiyo hakuna anayeiuza. Wageni wakakaa kwenye nyumba ya wageni wakitazama milima kwa dirisha. Kisha wakala akaleta vijana wa mji mwingine na pikipiki zao za theluji, na barafu ya ghuba ikaanza kupasuka kingoni, na msimu ulikuwa unaondoka.

Asubuhi moja Vittus alikuja kituoni, kofia mkononi, hatazami usoni.

"Binamu, nimekuja usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu."

"Nimeshawaona mbwa wako wamefungwa kwenye sleji ya wageni."

"Wanakula sana hawa. Na nyama imekwisha ghalani."

"Nenda, Vittus. Mbwa hashibi msimamo."

"Umekasirika."

"Sijakasirika na wewe. Ukianguka, usisimame. Lala chini upige kelele."

Vittus alidhani ni mzaha, akataka kucheka, akaona sio. Akavaa kofia akatoka. Punde mbwa wakasikika wakibweka kuelekea ghubani, na wageni wakipiga picha.

Mmoja wa wageni waliobaki aliingia kituoni akichechemea, malengelenge kisigino chote, viatu vipya. Alikuwa mchangamfu. Alisema amekata bima nzuri sana, lakini kwa kitu kidogo kama hiki ameona aibu kuwasumbua watu wa bima. Thomasine alimkalisha kitandani, akamwambia avue soksi, akapasha maji.