Siku Bwana Afya Alipokaribishwa Kibokoni

Bi Mwanabaraka binti Athmani hakuzoea kupokea barua, na hiyo aliyoletewa na tarishi wa Manispaa ilimtia joto kabla haijafunguliwa. Jirani aliyejua hati za Kizungu akamsomea. Jumatano, saa nne asubuhi, Bwana Afya atakuja kukagua ukumbi wake, ambamo huwalea watoto wadogo mama zao wakiwa kazini. Ataangalia pia hali ya watoto wenyewe, ili ijulikane kama waendelee kupewa maziwa ya unga.

Mtu mwingine angefikiria choo na mtungi wa maji. Bi Mwanabaraka alifikiria kwamba anajiwa na mgeni. Kwake yeye, anayepanda ngazi za nyumba yako ni mgeni, awe amekuja kukuposa au kukufunga, na mgeni hapokewi na watu waliovaa matambara.

Jioni ile ile akawaita mama za watoto. Mahfudha na wenzake walikuwa wakichambua kahawa katika maghala ya bandari ya kale. Mbodze alifua nguo kwenye majumba ya Kizingo. Waliondoka alfajiri, na kikombe cha maziwa cha saa nne ndicho kilichowashikilia watoto mpaka wao warudi. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema. Hiyo ilikuwa 1947, vita vimekwisha lakini dhiki bado, na pale Kibokoni mtu aliweza kulala na njaa. Asichoweza ni kulala akijua kwamba jirani anajua.

"Jumatano nataka watoto watazamike," Bi Mwanabaraka akawaambia. "Sitaki mgeni atoke hapa akatuseme."

"Wangu ana gauni moja, bibi," akasema Mahfudha, "na hilo lina dirisha mgongoni."

"Azimeni. Watu waazimana vyungu na sufuria, itakuwa nguo?"

Basi wakaazima, na walipoanza kuazima hawakujua pa kukomea. Bi Sheikha, mke wa mwenye duka la vitambaa, alifungua sanduku lake mpaka likabaki harufu ya asmini tu. Jumatano ilipofika, ukumbi ule uling'ara kama wa harusi. Wavulana walivaa kanzu za darizi na kofia zilizowashuka mpaka kwenye nyusi. Mtoto wa Mbodze, ambaye siku zote hushinda na shuka kiunoni, alivikwa kijoho kilichofagia sakafu. Binti wa Mahfudha, wa miaka mitatu, alikuwa na bangili za dhahabu mpaka kwenye kiwiko, zimefungwa kwa uzi zisimvuke. Udi ulifukizwa hata wawili wakakohoa. Na wote waliambiwa kwamba atakayejichafua atamjua Bi Mwanabaraka ni nani, kwa hiyo wakakaa mkekani, mikono magotini, wasithubutu hata kujikuna.

Bwana Afya mwenyewe alikuwa kijana mpole aitwaye Oloo, aliyehamishwa kutoka Kisumu miezi mitatu tu iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngia, keti."

Alipewa halua, akala. Akapewa kahawa, akanywa. Akakagua choo, akafunua mtungi na kuchungulia ndani, akapitisha kidole dirishani na kidole kikatoka safi. Bi Mwanabaraka alimfuata nyuma, kichwa juu, akijiona amekwisha kushinda. Halafu Oloo akasimama mbele ya watoto, na uso ukamshuka.

"Mama, kazi yako ni nzuri. Sijaona ukumbi safi kama huu tangu nije Mombasa. Lakini maziwa haya ni ya watoto wa watu wasiojiweza." Akamnyooshea kidole binti wa Mahfudha. "Mimi mwenyewe sijawahi kushika dhahabu kama hiyo. Itabidi niandike kwamba hawa hawana haja. Maziwa yatapelekwa kwingine."

Bi Mwanabaraka alielewa mara moja, na alielewa pia kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Angeweza kulirekebisha kwa maneno mawili: hawa ni maskini. Lakini Mahfudha na Mbodze, walioomba ruhusa kazini waje kuona watoto wao wakisifiwa, walikuwa wamesimama mlangoni, na macho ya Mahfudha yalikuwa yakimsihi asiyaseme. Bi Mwanabaraka alijuta. Alijuta kuliko alivyopata kujuta kwa jambo lolote.

"Nguo hizi zimeazimwa," akasema mwishowe. "Shauri langu, na ujinga wangu. Nilidhani nakupa heshima yako."

Oloo aliwatazama watoto upya, akaziona kofia zilizozidi na uzi kwenye bangili. Hakucheka, ingawa alitaka. Akatoa karatasi nyingine.

"Basi tuandike mmoja mmoja. Jina la mtoto, jina la mzazi, halafu kama mzazi anajiweza au hajiwezi. Mzazi atatia kidole gumba." Akaanza na mwenye bangili. "Huyu mama yake nani?"

Mahfudha akainama. Karatasi ile ingekwenda afisini kwa makarani, na makarani wale walikuwa na mama, na mama zao walikuwa na midomo. Kufikia Ijumaa mji mzima ungejua nani ametia kidole kwamba hajiwezi.

"Mimi," akasema Bi Mwanabaraka.

"Wewe?"

"Andika. Mwanabaraka binti Athmani. Hajiwezi. Lete huo wino."

Oloo akaandika. Akamgeukia mwenye kijoho. "Na huyu?"

"Wangu."

"Na huyu?"

"Wangu pia."

Oloo akaweka kalamu chini. "Mama, wako kumi na tisa. Na hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka sita."

"Mungu ni karimu."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Hiyo karatasi yako yauliza?"

Oloo akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. "Haiulizi."

"Basi nawe usiulize."

Oloo alitakiwa arudi na karatasi iliyojazwa, na hii ilikuwa ikijazika vizuri. Akaandika mpaka mstari wa mwisho. Bi Mwanabaraka alitia kidole mara kumi na tisa, na pale mlangoni Mahfudha alijifunika uso kwa buibui, mabega yakimtikisika.

Wiki mbili baadaye Oloo alirudi na jibu. Mtu mmoja afisini alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya "kumi na tisa" na kuweka alama ya kuuliza, kisha, pengine kwa uvivu, akagonga muhuri. Maziwa yangeendelea mwaka mzima. Bi Mwanabaraka alikuwa kwenye sufuria, akikoroga, na watoto wamemzunguka na matambara yao.

"Limeandikwa hivi," Oloo akasoma. "Mama: Mwanabaraka binti Athmani. Watoto: kumi na tisa."

Bi Mwanabaraka alikuwa ameolewa mara mbili, na mara zote mbili akaachwa kwa sababu hakuzaa. Upawa ukasimama ndani ya sufuria.

"Sikusikia vizuri," akasema, ingawa alisikia. "Hebu soma tena."