Bodi za Shemeji

Roselida alirudi kutoka Sio Port na magunia yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, akakuta nyumba yake mpya pale Busia imevamiwa. Si wezi. Wezi angalau huchukua. Hawa walikuwa wameleta.

Katika chumba cha kuogea, fundi Ogutu alikuwa anabandika taili nyeupe juu ya hadibodi, zile bodi za kahawia zinazong'aa upande mmoja na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Bodi za saruji alizonunua Roselida mwenyewe, akazisindikiza kwa mkokoteni kutoka stendi zisije zikapasuka, zilikuwa zimetupwa nje. Na Okal, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa sebuleni, kofia ameiweka mezani, miguu ameinyoosha kana kwamba amezaliwa humo.

"Mama, mzee alisema mmeelewana," Ogutu akasema bila kumtazama.

"Nimekusaidia, Roselida," Okal akadakia. "Bodi ni zangu, na ya kwanza nimepigilia mimi mwenyewe. Wazee wameona."

Roselida akauelewa mtego. Katika ukoo wa mumewe, mjane hajengi peke yake. Mwanamume wa ukoo akishatia chake ukutani, hata kipande cha ubao, nyumba ni yake, na mjane huhesabiwa pamoja na viti. Okal alitaka kumrithi, na Roselida alikuwa amemkataa kwa upole, akamkataa kwa ukali, na safari moja akamkataa kwa karai la maji ya vyombo. Sasa jamaa alikuwa amepitia ukutani. Bodi ikishafunikwa na taili, nani angeitoa tena?

"Ogutu, toa hizo vitu."

"Lakini mama, taili zimeshika. Zitavunjika."

"Zivunjike. Ni zangu."

Ogutu akamtazama Okal, akatazama mwiko wake, kisha akaona dari lina jambo la kuchunguza. Basi Roselida akachukua nyundo, akaingiza meno ya nyundo nyuma ya bodi, akavuta. Taili zikaanguka na kupasuka sakafuni. Asikudanganye mtu kwamba hakuumia. Alizinunua katoni kwa katoni, na kila katoni ilikuwa safari ya basi huku abiria wakiziba pua kwa harufu ya samaki wake. Aliumia sana, na akazidi kuvuta.

Okal akasimama. "Ukitoa hiyo, umejitoa kwa ukoo! Nani atakuzika?"

"Nikifa sitakuwa na haraka, shemeji. Sasa hivi nataka pahali pa kuoga."

Majirani waliokuwa wamejazana dirishani wakaangua kicheko. Hadibodi zikatupwa uani, moja baada ya nyingine. Okal akazifuata huku akitukana, na Roselida akafunga mlango nyuma yake, akatia komeo.

Ogutu alikuwa ameshaingiza bodi ya saruji. Akaitoboa pembeni, akaiinua, akaishikilia ukutani kwa mikono miwili.

"Piga hapa, mama. Pole pole. Hii haitaki hasira."

Hasira alikuwa nayo tele, lakini akapiga pole pole. Msumari ukapinda. Wa pili ukamponza kidole gumba, akaguna. Uliofuata ukaingia hadi kichwani, na bodi ikatulia mahali pake.

Mara kitasa cha mlango kikatikiswa. Komeo halikusogea. Kikatikiswa tena, kwa nguvu zaidi. Majirani wakasogea wasikie.

"Hodi," Okal akasema nje, kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Unanijua. Fungua mlango."

"Watu wangapi wanapiga hodi leo! Nani?"

Mtu mmoja uani akakohoa kuficha kicheko.

"Okal," akasema mwishowe. "Nimesahau kofia."

"Ngoja hapo nje, Okal," Roselida akamjibu, akichagua msumari mwingine mkebeni. "Mwenye nyumba yuko kazini."