Mililita Kumi na Mbili

Kabula alitoka kijijini Lingeka na kanga mbili na sufuria moja, akidhani hospitalini Bariadi atakaa siku tatu tu. Mkwewe, Violeth, alikuwa amepata kifafa cha mimba akafanyiwa upasuaji mimba ikiwa ya miezi saba. Sasa alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, hawezi hata kukaa vizuri. Mtoto, wa kiume, kilo moja na gramu mia mbili, aliwekwa chumba cha watoto njiti. Mashimba, mwanawe Kabula na baba wa mtoto, alibaki nyumbani na ng'ombe. Kwa hiyo aliyekaa na mtoto alikuwa bibi yake.

Siku ya tatu Daktari Boniventura alimwita kando akamwambia moyo wa mtoto una mlio.

"Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu," alisema. "Kuna kamshipa karibu na moyo kanakopitisha damu pembeni. Akizaliwa, kenyewe hujifunga. Huyu amewahi kuja, kwake kamebaki wazi. Damu inarudi mapafuni, mapafu yanajaa maji, anachoka kupumua."

"Mtampasua?"

"Hapana. Tutampa paracetamol kwenye mshipa kwa siku tatu, husaidia kamshipa kufunga, na tutapunguza maziwa. Maji yakizidi mwilini, moyo unazidiwa."

Kabula aliitikia kwa kichwa, lakini hakukubali. Paracetamol aliijua, ni dawa ya kichwa. Na kumpunguzia maziwa kiumbe ambaye mapaja yake ni kama vidole? Yeye alikuwa amekuza ndama wengi waliofiwa na mama zao, akiwanywesha kwa chupa mpaka wakasimama. Kulisha kitu dhaifu hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Nesi wa mtoto aliitwa Felisita, binti wa kutoka Lamadi, mwaka wake wa kwanza kazini. Kila baada ya saa mbili alipima maziwa ambayo Violeth alikuwa ameyakamua, mililita kumi na mbili, akayatia kwenye bomba la sindano na kumpa Kabula alishike wakati yakiteremka taratibu kwenye mpira wa puani. Asubuhi alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu" kama anavyoamkiwa mama mzazi, na hakuwa na sababu ya kusimama kumchunga.

Siku ya pili ya dawa Kabula alianza. Felisita akigeukia mtoto mwingine, aliongeza kwenye bomba maziwa yaliyobaki kikombeni. Mara ya kwanza kidogo, mara ya tatu karibu yote. Mtoto hakutapika, alilala tu. Kesho yake mizani ilionyesha ameongezeka gramu tisini. Kabula alicheka peke yake, akijisifu kimoyomoyo.

Mchana uleule mbavu za mtoto zilianza kuingia ndani kila alipovuta pumzi. Tumbo lilikuwa limejaa. Felisita alikimbia kumwita daktari, wakamwongezea oksijeni.

"Gramu tisini kwa siku moja," daktari alisema, macho kwenye faili. "Felisita, umekuwa ukimpa ngapi?"

"Kumi na mbili, daktari. Kila mara."

"Basi mizani ndiyo inadanganya?"

Aliyasema hayo mbele ya akina mama wote. Felisita akaambiwa aandike maelezo, na mtoto akakabidhiwa nesi mwingine.

Kabula alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alijiambia atasema daktari akitoka. Daktari alipotoka, akajiambia atasema Felisita akirudi. Felisita alirudi, macho mekundu, akamsogezea kiti.

"Kaa, mayu. Umesimama tangu asubuhi."

Kabula alikaa. 

Jioni Violeth aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alimtazama mwanawe, kisha akauliza polepole, "Mama, maziwa yaliyokuwa yanabaki, uliyaweka wapi?"

"Niliyamwaga."

Violeth hakuuliza tena. Mama mkwe haulizwi mara mbili. Lakini maziwa yale alikuwa akiyakamua kwa maumivu, tone kwa tone, na Kabula aliona wazi kwamba hakuaminiwa.

Asubuhi, wakati wa raundi, daktari alifunga faili. "Dawa imeshindwa. Tafuteni gari, aende Mwanza leo."

"Ataihimili safari?" aliuliza nesi.

"Sijui."

"Dawa haijashindwa," Kabula alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Nilimwongezea maziwa."

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alitoa kalamu. "Mara ngapi?"

"Sita. Hapana, saba."

"Kiasi gani?"

Aliomba kikombe, akaonyesha kwa kidole. Kila jibu liliandikwa. Mama wa kitanda cha pili aliacha kukamua akawa anamtazama.

"Na nesi alijua?"

"Hakujua. Alinipimia kumi na mbili."

Felisita alikuwa mlangoni. Alisikia yote, akaondoka.

Gari lilisitishwa. Maziwa yalisimamishwa kwa siku moja, akapewa dawa ya kupunguza maji mwilini, na paracetamol ikaendelea. Kabula alimfuata Felisita kwenye sinki.

"Nisamehe, mwanangu."

Felisita aliendelea kunawa. "Tangu jana nakumbuka kila sindano niliyopima. Nilianza kutoyaamini macho yangu mwenyewe." Alifunga bomba. "Nitakusamehe, mayu. Lakini si leo."

Siku tatu baadaye picha ya moyo ilionyesha kamshipa kamebaki kama uzi, na wiki iliyofuata kalikuwa kamefunga. Kabula alimwomba Violeth aite mdogo wake aje kushika nafasi yake.

"Kaa, mama," Violeth alijibu. "Lakini sindano nitashika mimi."

Walirudi Lingeka baada ya wiki sita, mtoto akiwa na kilo mbili. Mashimba alichinja mbuzi, akasema mbele ya majirani kwamba bila bibi yake mtoto asingepona. Wanawake wakapiga vigelegele. Violeth alikuwa akinyonyesha, hakuinua uso.

"Kuna nesi kule," Kabula alianza, "anaitwa Felisita."

Wote wakamgeukia, wakisubiri amalizie. Kabula alitazama mikono yake, akasema nesi huyo alikuwa mzuri sana, kisha akaingia jikoni.